Dri wa Marehemu Choekyi

Ngodup alipomwona dri wake kwenye uwanja wa maonyesho, alimkimbilia. Ulimi wa mnyama ulining'inia karibu uguse vumbi, na mbavu zilipanda na kushuka kama mivuo ya mhunzi.

Huyo ndiye yaki jike, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, ambaye mkewe, Choekyi, katika siku zake za mwisho, aliomba aachiwe huru, wakaapa pamoja: asichinjwe, asiuzwe, afe siku yake ikifika, huko huko malishoni. Thawabu ya marehemu hiyo, si mchezo. Lakini wakubwa wakitaka kitu, marehemu ni nani kwao? Mwenyekiti Damdul alingoja Ngodup aende mbali kuchunga kondoo, akampakia dri kwenye lori, akamteremsha bondeni ili mgeni kutoka mkoani apate wa kupiga naye picha. Ngodup akafuata kwa miguu.

"Mwenyekiti, unaniulia mnyama!"

"Ah, mzee, umeanza. Huko kwenu juu ndiko hakuna hewa. Huku hewa bwelele, mwache avute ashibe!"

Watu wakacheka.

"Hilo blanketi lililomwotea mwilini utamvua wewe? Hata kutoka jasho hajui! Baridi ya kupasua mawe anaicheka, ila jua hili linampika mzima mzima. Nipeni maji!"

"Maji ya mgeni hayo. Subiri kidogo."

Kusubiri! Hata Choekyi aliambiwa asubiri. Gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa harusini.

Ngodup akapokonya ndoo, akammwagia dri kichwani. Dri akakoroma mara moja, akapiga magoti, akaanguka ubavu. Mbavu zikatulia.

Ngodup akafungua kamba, akaivuta taratibu.

"Haya, mama. Inuka twende nyumbani."

Nyuma yake akasikia Damdul akimwita muuza nyama. "Njoo na kisu, upesi, kabla haijaharibika."

"Tuliapa hatachinjwa!"

"Kwani nani kamchinja, mzee? Si kafa mwenyewe? Kiapo chenu kizima."

Ngodup akajitupa juu ya mzoga, akaukumbatia, uso ukazama kwenye manyoya yaliyokuwa bado yanafuka joto. Muuza nyama akasimama na kisu chake, akatazama, akarudi nyuma.

"Mimi simo, mwenyekiti."

Honi ya gari la mgeni ikalia barabarani. Damdul akajikung'uta vumbi, akaweka kofia sawa.

"Leteni turubai," akasema. "Wafunikeni wote wawili."