Mitungi ya Bi Wasaa

Katika nchi ya Zibaufa, methali moja ilikuwa katiba: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga waliinena kwa ajili ya kuta. Wazibaufa, kwa bidii isiyo na hekima, waliitumia kwa kila kitu. Vigae vyao, vya pembe nne na vya pembe sita, vilibanana sakafuni hata sisimizi hakupata njia. Vitabu vyao viliandikwa bila pambizo. Neno "nafasi" lilifutwa katika kamusi, likabaki "pengo", nalo lilikuwa jina la kosa.

Bi Wasaa, mfinyanzi mjane, alishitakiwa kwa kufinyanga mitungi ya duara. Mitungi ya serikali ilikuwa ya pembe nne, ikapangwa ghalani ubavu kwa ubavu pasibaki kitu. Yake, hata ikipangwa kwa ustadi gani, kila mmoja uligusana na majirani sita tu, na kati ya kila mitatu kilibaki kipembe kitupu. Adhabu ya vipembe hivyo ilikuwa kuvunjiwa joko la kuchomea mitungi na kuhamishwa nchi. Joko lile alilijenga pamoja na marehemu mumewe.

"Umeiibia nchi mahali," alisema Kadhi Dhiki. "Una utetezi?"

"Mheshimiwa Kadhi, mfinyanzi hulia gaeni; mahali nitapaweka wapi? Naomba jambo moja. Mavuno yaliyopita, mbegu za mtama zilizidi mitungi yenu, mkaazima yangu. Sasa mvua zi karibu. Ghala lifunguliwe kabla ya hukumu."

Lilifunguliwa. Kadhi alitia mkono katika mtungi wa pembe nne, akautoa upesi: mbegu zilikuwa za moto, zimeshikamana, zimeota ukungu. Mtungi baada ya mtungi, hali ilikuwa ile ile. Katika mitungi ya Bi Wasaa mbegu zilimiminika kavu.

"Udongo hupumua, Mheshimiwa," alisema Bi Wasaa. "Ukiubana pande zote, unavundisha ulichokihifadhi. Ufa ni maradhi ya ukuta. Hiki kilicho baina ya mitungi si ufa."

"Ni nini basi?"

"Ni nafasi."

Kadhi alichota mbegu kavu kiganjani, akazitazama, maana naye alikuwa na watoto wa kulisha. Kisha akamwamuru karani aliandike neno lile.

"Hapana pa kuliandika, Mheshimiwa. Ukurasa umejaa."

"Umejaa nini?"

"Hukumu ya Bi Wasaa. Uliniamuru niiandike jana, kabla ya kesi."

Uso wa Kadhi ulimwiva kwa aibu mbele ya watu wake. "Ifute," alisema.

Mvua ya kwanza iliukuta mtama wa Zibaufa umepandwa, shimo na shimo yakiachana hatua nzima, na joko la Bi Wasaa linafuka moshi.