Imejaribiwa kwenye Simu za Aina Zote

Saa moja kasorobo asubuhi fundi wa mitambo aliingia na karatasi yake kama kila siku, viatu vikiacha matope sakafuni.

"Pampu namba mbili imegoma usiku," alisema. "Kanda ya Pili watapata maji saa moja na nusu mpaka saa tatu, basi. Tano wasubiri kesho kutwa. Zilizobaki nimeandika humo. Wahi, dada, naenda kufungua koki."

Mabano akaivuta kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya alama alizoshinda akizichapa, bano la kufungua, bano la kufunga, kutwa nzima. Kwa miaka minne ukurasa wa ratiba ya maji ya mji ule ulikuwa kazi ya vidole vyake. Aliuandika wote kwa mkono, mstari kwa mstari, kwenye kiprogramu cha bure kinachokuja na kila kompyuta. Haukuwa na picha hata moja. Kanda nane, siku, saa. Ulifunguka kwenye simu iliyopasuka kioo, mtandao ukiwa wa kubahatisha, kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Leo nenosiri lilikataa. Akalichapa tena polepole. Likakataa.

"Mama, kuna mtu amegusa mashine hii?" alimuuliza mtunza masjala, mama wa makamo aliyekaa naye chumba kimoja katikati ya makabati ya mafaili.

"Jana ulipotoka alikuja Tai na yule mkandarasi wa tovuti mpya. Walikaa kidogo, wakacheka, wakaondoka."

Tai alikuwa afisa uhusiano. Hakuna aliyejua kwa hakika kama aliitwa hivyo kwa ile aliyovaa shingoni au kwa yule ndege anayezunguka juu ya mizoga.

Mabano akatoa simu yake, akafungua tovuti kama mwananchi yeyote. Duara likazunguka. Likatokea paji la uso. Baada ya muda yakafuata miwani, kisha tabasamu: mkurugenzi wa shirika, amesimama mbele ya bomba linalomwaga maji. Chini yake duara jingine likaanza kuzunguka. Ratiba haikuja. Ulikuja ujumbe kwamba bando lake limekwisha.

Alimpigia Tai mara sita kwa simu ya ofisi. Saa moja na nusu ikafika, ikapita. Kule Kanda ya Pili maji yalikuwa yanatoka, na hakuna aliyeambiwa.

Tai aliingia saa mbili na nusu, manukato yakimtangulia, mkandarasi nyuma yake na mkoba mgongoni.

"Umeona mambo?" alisema. "Tumezindua mapema. Mkurugenzi ana wageni leo."

"Bosi, ratiba haifunguki kwenye simu. Na kwenye kompyuta inayoonekana bado ni ya wiki iliyopita. Kanda ya Pili wana nusu saa tu imebaki. Nipeni nenosiri."

"Huna haja ya nenosiri. Mwonyeshe."

Mkandarasi akaketi, akafungua programu yake. Kila kitu kilikuwa pale kwa macho: visanduku, rangi, picha. Alishika jedwali kwa kipanya, akaliburuta, akaliachia mahali pake, akabadilisha saa za Kanda ya Pili kwa kubofya. Dakika mbili hazikufika. Mabano alifuata kipanya kwa macho. Ilikuwa rahisi kweli, na ilimuuma kwamba ilikuwa rahisi.

"Sasa hata mhudumu wa chai ataweza," Tai alisema. "Wewe na hizo kodi zako za kompyuta! Kodi ni ya mwenye nyumba, dada. Ulipojifungua, wiki mbili mji haukuwa na ratiba. Watu walikuja hapa na ndoo wakataka kutupiga. Au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amebadilisha mstari mmoja akiwa kitandani wodini, kwa simu, akakosea bano moja, ukurasa mzima ukaanguka. Kwa hilo Tai alikuwa na haki.

"Ni kweli," alisema. "Mimi sikatai programu. Mbele wekeni hiyo, na picha, na video. Ila ukurasa wa ratiba tuuache ule wa mkono. Mmoja tu. Nitamfundisha mama hapa kuubadilisha."

"Mkataba unasema tovuti nzima. Kizuri chajiuza. Hicho chako kinafanana na risiti ya dukani."

"Risiti inasomeka, bosi."

Mtunza masjala akainamia faili lake. Tai alimtazama Mabano kwa uso wa mbuzi, mkavu, kisha simu yake ikaita, akatoka nje kumpokea mgeni.

Mkandarasi akabaki akikunja waya. "Dada, programu haina kosa," alisema kwa sauti ya chini. "Hii hii inaweza kutengeneza ukurasa mwepesi kama wako. Nilipeleka sampuli ya kwanza hivyo, bila video. Wakairudisha. Waliniambia haionyeshi kazi iliyofanyika, mkurugenzi hawezi kukata utepe mbele ya jedwali."

"Kwa hiyo unajua haifunguki."

"Kwangu inafunguka," alijibu, akavaa mkoba wake.

Saa nne kelele zilianza kaunta. Msichana wa dirishani alikuja mbio kumwita Mabano, kwa kuwa watu walikuwa wanauliza habari za tovuti. Mstari ulikuwa umefika getini. Mbele alisimama mwanamke mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, simu ameishika juu kama ushahidi.

"Wewe ndiye wa mtandao? Mimi ni dobi, nafua mashuka ya zahanati. Kila siku naangalia kwako, najua saa, naamka, nakinga. Leo nimeangalia tangu alfajiri. Bando langu lote limeliwa na huyu baba anayecheka. Maji yametoka, yamekatika, mimi niko ndani naangalia meno yake. Sasa nikafulie nini? Sura yake?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Nisamehe, dada," Mabano alisema.

"Msamaha haujazi ndoo."

Aliandika saa za siku inayofuata kwenye kipande cha karatasi, akampa. Dobi alikisoma, akakikunja, akaondoka bila kuaga.

Mchana Tai alimwita ofisini kwake. Kulikuwa na kiyoyozi na zulia. Juu ya meza zililala karatasi mbili: cheti cha makabidhiano ya tovuti, na mkataba wake wa kazi wa mwaka ujao, uliokuwa bado haujasainiwa na shirika. Wa sasa ungeisha mwisho wa mwezi.

"Saini hapa, mimi nasaini pale," Tai alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole ghafla. "Tumalize. Wageni wako kwenye chakula, mkurugenzi anataka cheti kabla hawajaondoka."

Mabano alisoma. Tovuti imejaribiwa kwenye simu za aina zote na inafanya kazi kikamilifu. Chini yake: Mtaalamu aliyekagua.

"Imejaribiwa kwenye simu gani, bosi?"

"Hii." Akainua yake, pana kama sahani, imeungwa kwenye mtandao wa ofisi.

"Tujaribu na yangu, nimenunua bando jingine. Dakika moja. Tutoke hapo ukumbini, mtandao wa ofisi haufiki."

"Sitoki."

"Basi njoo dirishani tu uone mstari wa watu."

"Nimekuomba saini, sikukuomba semina!" Akagonga meza. "Unajua waliosoma kompyuta na wako mtaani ni wangapi? Utamwaga unga, na hakuna atakayekuokotea. Una mtoto. Una mama mkwe ndani. Ukaidi huu unamlisha nani?"

Mabano alimfikiria mtoto, na mama mkwe aliyemwandalia uji asubuhi akisema, "Usichelewe, mwanangu, kazi siku hizi ni kama yai." Akachukua kalamu. Aliishika juu ya mstari kwa muda, mpaka Tai akaanza kutabasamu. Kisha akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka: Nimeijaribu kwenye simu moja ya kawaida. Ratiba haikufunguka. Akaweka saini, akaandika na tarehe.

Tai hakupiga kelele. Aliichana karatasi mara mbili, akachapisha nyingine, akainua simu ya mezani. "Mwiteni mama wa masjala."

Mtunza masjala alikuja akijifuta mikono kwenye sketi. Alionyeshwa mahali, akasaini bila kuvaa miwani yake. Alipogeuka kutoka alimpitia Mabano karibu.

"Mwanangu, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," alinong'ona. "Usinihesabie dhambi."

"Sikuhesabii, mama."

Mkataba ulirudi ndani ya droo. Mabano aliambiwa akakae kaunta mpaka mwisho wa mwezi, na dirishani alikuta tayari agizo limebandikwa kwa gundi ya karatasi: Ratiba ya maji inapatikana kwenye tovuti pekee. Wahudumu hawaruhusiwi kuitoa kwa njia nyingine yoyote.

Mzee mmoja akasogea, kofia mkononi. "Binti, Kanda ya Saba lini?"

Mabano alitazama agizo. Alimtazama mzee, na nyuma yake mstari wa watu wenye madumu na simu zisizoonyesha kitu.

"Ijumaa, mzee wangu. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili."

"Sema tena, huku hatusikii!" mtu alidakia nyuma.

Basi akasimama juu ya kiti. Karatasi ya fundi ilikuwa mezani kwake masjala, lakini kichwa kilikuwa nayo. Akaanza na Kanda ya Kwanza, akitenga kila saa na kila siku, kama anayesomesha watoto. Watu wakatoa kalamu, wakaandika viganjani. Alipofika Kanda ya Sita mlinzi alikwisha kuja, na Tai nyuma yake. Mlinzi aliomba radhi kwa macho, akashusha kioo, akakifunga kwa ufunguo.

Nje hawakutawanyika. Waliokuwa mbele waligeuka kuwaambia wa nyuma, na wa nyuma wakawaambia wa getini. Kupitia kioo Mabano aliwasikia kwa mbali, wakipokezana kanda na saa. Kisha akamsikia mzee wa kofia akimwambia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kwa uhakika kabisa: "Saba ni Alhamisi. Alhamisi, saa mbili mpaka saa tano."

Mwanamke akaandika.

"Ijumaa!" Mabano alipiga kelele. "Mzee! Ijumaa!" Akagonga kioo kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Mzee aligeuka, akamwona akigonga, akainua kofia yake kumshukuru, akaenda zake.