Hasi Kumi

Sikusaini. Karatasi ilikuwa mezani pangu tangu Jumatatu asubuhi, imechapwa vizuri: "Chanzo cha hitilafu: programu iliyobadilishwa na Haika Kimaro." Rodney, bosi wangu, alitaka sahihi yangu ifikapo Ijumaa. Ningesaini, ningefukuzwa kazi, na kibali changu cha kukaa Marekani kilitegemea kazi hiyo.

Karakana yetu ilikuwa New Hope, nje kidogo ya Minneapolis. Tulitengeneza vidhibiti vya boila, mtambo wa kupashia jengo joto: kisanduku chenye chipu ya kompyuta ndani, kinachosoma baridi ya nje kwa waya na kuiamuru boila iwake kiasi gani. Muundo mpya ulitoka Oktoba 1995, mwezi ule ule nilioajiriwa nikitoka chuoni hapo hapo Minneapolis, na mimi nilirekebisha sehemu ya saa tu. Januari visanduku vikaanza kuzima joto katika majengo ya watu.

"Ni mkono wako, Haika," Rodney alisema. "Sisi tulikwishapima kwenye baridi. Na baridi, samahani, tunaijua kuliko wewe."

Kupima kwenye baridi! Niwaambie walivyopima. Waya wa kusomea baridi waliuingiza kwenye friza ya jikoni la ofisi, katikati ya aiskrimu ya Rodney, ukakaa humo wakati wao wanakula mchana. Kwa digrii za kwao, ambazo maji huganda kwenye thelathini na mbili, friza ile ilifika sifuri na kukomea hapo. Watu wanaojigamba kwa baridi mchana kutwa, kumbe hutoka kwenye gari lenye joto na kukimbilia mlango wenye joto. Niliudhika mpaka nikashindwa kula.

Nikajaza memori yote ya chipu herufi moja ile ile, ili chochote kitakachoandikwa mahali pasipo pake nikione. Nikakiacha kisanduku kiende siku mbili mezani. Hakikuzima hata mara moja.

Alhamisi asubuhi Mama Aaliyah akanipigia simu kazini. Huyu ni Fatimah Alwi, mtu wa Mombasa, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Jengo letu nalo lilikuwa limefungwa kisanduku chetu.

"Haika mwanangu, hita yenu imezima tena! Watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba. Mtai-fix lini?"

"Pole sana, mama. Naitafuta hitilafu, sijaiona."

"Waitafuta wapi? Mimi nakaa na TV hapa nijue kama skuli iko. Jana walisema minus eight, hita iko. Leo minus nine, iko. Walipotia minus ten tu, ikazima. Ijumaa iliyopita vile vile. Yazimwa na hiyo ten, mwanangu!"

Nilikata simu bila hata kuaga vizuri.

Programu yetu huandika kipimo cha baridi kwenye memori alama kwa alama, kisha huongeza alama moja ya kufunga. Aliyeandika sehemu ile alitenga nafasi tatu. Sabini na mbili inaenea: tarakimu mbili na ya kufunga. Hasi tisa inaenea: alama ya kutoa, tisa, na ya kufunga. Hasi kumi inataka nafasi nne, na ile ya nne inamwagikia kwa jirani. Jirani alikuwa pointa, namba inayoielekeza programu ikachukue wapi amri ya kuwasha boila. Namba hiyo ikiharibika, programu inakwenda kutafuta amri mahali pasipo na kitu, na watoto wanavaa makoti.

Nikaangalia nani aliuandika mstari ule. Rodney, mwezi wa Julai, Minnesota nzima ikiwa kwenye kaptula.

Mchana ule nilibadilisha tarakimu moja, tatu ikawa tano, nikaiandika kwenye chipu mpya na kwenda kuifunga katika jengo letu bila ruhusa ya mtu. Kisha nikachapa ripoti yangu.

Ijumaa saa mbili asubuhi nje kulikuwa hasi ishirini na nne. Mama Aaliyah alikuwa jikoni kwake na kanga mbili tu, anakaanga mayai. Mimi nilibeba kisanduku kimoja chenye chipu ya zamani hadi maegesho ya ofisini, nikakichomeka kwenye soketi ya nguzoni ambako watu huchomeka magari yasigande, nikamwita Rodney. Alitoka na koti jepesi, bila glovu, akidhani ni jambo la dakika moja.

"Soma namba," nikamwambia.

Namba nyekundu za baridi kwenye uso wa kisanduku zilishuka. Arobaini. Kumi na mbili. Sifuri.

"Unaona? Kinafanya kazi," alisema, akipuliza viganja.

"Hapo ndipo friza yako inapoishia. Endelea kusoma."

Hasi nne. Hasi tisa, taa ya kijani ya kuamuru boila bado inawaka. Hasi kumi. Taa ikazima, na namba ikagota hapo hapo.

Nilimpa ile karatasi ya Jumatatu, na ule mstari wa programu, umechapwa pamoja na jina lake. Akausoma mara mbili. Anajua kusoma programu, hilo simnyimi.

"Tuingie ndani tuongee," alisema. "Tunaweza kuandika chanzo hakijulikani. Hakuna atakayeumia."

"Kinajulikana. Amekijua mama mmoja ambaye hajawahi kushika chipu, na jina lake liko kwenye ripoti, na halitoki. Langu lifute, uandike lako. Hapa hapa."

"Haika, hapa nje kuna baridi."

"Si mnaijua kuliko mimi?"

Akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti, akakwaruza karatasi. Haikutoa kitu. Akaitikisa, akakwaruza tena, kisha akanionyesha, uso umemchangamka kidogo.

"Wino umeganda. Tutamalizia ndani."

Nikavua glovu, nikaingiza mkono kwenye koti langu zito, nikatoa penseli.

"Hii ni baridi yangu ya nne hapa, Rodney. Andika."

Aliandika. Penseli hufutika, najua. Kwa hiyo, kabla vidole vyake havijapata joto, nilikuwa nimeshatoa fotokopi tatu, na moja nikampelekea Mama Aaliyah.