Nta Chini ya Kisahani

"Mwalimu, umetuibia!"

Darasa zima la sita likaangua kicheko. Adhiambo alikuwa amesimama mbele, kageuza kizibo cha soda juu chini, anakwangua kwa ukucha tone la nta lililogandishwa chini yake. Mizani yenyewe Mwalimu Werema aliitengeneza kwa kijiti, uzi na vizibo viwili. Siku hiyo yeye alikuwa mnunuzi wa dhahabu, wanafunzi wauzaji, punje za mahindi mawe ya kupimia. Hakuwaambia kitu. Aliwaacha wapime, wabishane wawili wawili, watafute wenyewe kwa nini hesabu haikubali.

"Waeleze wenzako," alisema.

"Nta iko upande wa mawe. Basi muuzaji anaongeza dhahabu, anaongeza tena, ndipo mizani ilale sawa."

"Haswaa! Mpigieni makofi!"

Tangu aanze kazi hapo Kerende hakuwahi kupata somo tamu kama lile. Ukiwaandikia ubaoni watoto hawa walisinzia, akili zote zilikuwa kwenye mashimo ya dhahabu kwa wazazi wao. Naye akafurahi, mjinga yule, wala hakujiuliza ile nta yeye mwenyewe kaijulia wapi.

Kesho yake Adhiambo hakuja shule. Aliyekuja ni mama yake, mponda mawe ya dhahabu, kanga imejaa vumbi hadi kichwani.

"Mwalimu, umeniponza."

"Kuna nini, Mama Adhiambo?"

"Mtoto kaenda kwa Mogesi, yule mnunuzi wa dhahabu, jana jioni, kashika mizani yake mbele za watu, eti ina nta, mwalimu katufundisha. Yawa! Mogesi kamnyang'anya kabla watu hawajaona. Sasa hataki dhahabu yangu, na kawakataza wanunuzi wote wasiniguse. Wanangu watakula nini?" Akafuta uso kwa kanga. "Anasema atanisamehe ukienda useme ulikuwa mchezo wa darasani tu. Twende, mwalimu. Nakuomba."

 Likizo ya Desemba, mshahara ulipochelewa, Werema alikuwa amekaa kwenye kibanda cha Mogesi akipima dhahabu. Kila asubuhi aliwasha mshumaa na kuidondosha nta chini ya kisahani cha mawe kwa mkono wake mwenyewe. Wanawake walipanga foleni kwake, wakiwapita wanunuzi wengine, kwa sababu mpimaji ni mwalimu. Mama huyu alikuwa mmoja wao.

Wakaondoka pamoja. Mara mbili Werema alifungua kinywa amwambie njiani, akashindwa.

Kibandani waliwakuta wanawake wengi, na Adhiambo kasimama pembeni, macho yamevimba kwa kulia. Alipomwona mwalimu wake akachangamka.

"Waambie, mwalimu! Waambie si uongo!"

"Mwalimu wangu!" Mogesi alimkaribisha kwa tabasamu, akimkazia macho. "Waeleze hawa kina mama yalikuwa maigizo yenu ya shule, yaishe."

Ingekuwa rahisi. Sentensi moja tu, na mama yule angeuza dhahabu yake kama zamani, na mtoto angeonekana mwongo.

"Mtoto hajakosea," Werema alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akairudia. "Nta ipo. Mimi ndiye niliyekuwa naigandisha, Desemba yote."

Mogesi alimtukana kwa Kikurya, akaanza kukusanya vitu vyake haraka haraka. Wanawake wakamvamia, huyu kashika mizani, yule kashika shati. Mama Adhiambo hakwenda. Alibaki amesimama mbele ya mwalimu.

"Na yangu? Uliipima kwa nta hiyo hiyo?"

"Niliipima, mama. Nisamehe."

"Na mimi nikakushukuru," alisema. "Nikakuletea na ndizi."

 Werema alitamani mama yule ampige.

"Adhiambo, muage mwalimu wako twende."

Adhiambo hakumtazama usoni. Aliitazama mikono ya mwalimu, ule wa kulia, kisha wa kushoto, akageuka na kumfuata mama yake.