Wimbo wa Tatu wa Chiriku

Enzi zake za jukwaani walimwita Chiriku, na jina likamganda hata nje ya muziki, maana mdomo wake haukujua likizo. Aliimba jazi katika hoteli moja ya mjini, mbele ya bendi ya mpiga saksafoni ambaye sura yake ndiyo iliyopamba majalada ya santuri zote. Jina la Chiriku liliandikwa chini, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Bendi ilipovunjika, mpiga saksafoni akawa gwiji. Chiriku akawa mama wa mtu.

Mtu huyo ni binti yake, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amehamishia cherehani sebuleni ili asimwache mama peke yake, kwani kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono na mguu wa kulia, pamoja na maneno. Lilibaki moja tu, "bado," na alilitumia kwa chai, kwa maumivu na kwa salamu. Mtaalamu wa mazoezi aliwahi kusema wapo wagonjwa wasioweza kusema lakini wakaweza kuimba. Binti akajaribu kumwanzishia nyimbo kwa sauti yake ya kukwaruza. Mama alimtazama kwa huruma, basi.

Siku moja akapiga simu mtangazaji wa redio. Alikuwa amezipata santuri za zamani, na alitaka kumpa Chiriku kipindi kizima, heshima aliyonyimwa siku zote. Aliomba amhoji. Binti akamweleza hali ilivyo. Mtangazaji akasema basi angalau mama asikilize.

Jumapili mchana mama akaketishwa karibu na redio. Katika wimbo wa kwanza sauti iliingia nyuma kidogo ya ngoma, kama mwenye nyumba asiye na haraka ya kufungua mlango, halafu ikatua pale pale ilipotakiwa. Mtangazaji alisema wengine walipaza sauti ili wasikike, huyu aliishusha, na watu wakaacha kugonga vijiko. Binti, aliyezoea sauti hiyo kwa bembelezo na karipio tu, alibaki na kola mkononi na sindano hewani. Mama alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto. Msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza mwanamke huyu walimficha wapi.

Wimbo wa tatu ulipoanza, vidole vikasimama. Mama akainyooshea redio kidole. "Bado," alisema. "Bado, bado!"

Binti akaongeza sauti. Mama akatikisa kichwa. Akaipunguza, kichwa kile kile. Akamletea maji, akauliza kama anataka kwenda chooni, kama anaumwa. Machozi yakaanza kumtoka mama, ya hasira.

"Mama, si wewe unayeimba?"

Mama akatikisa kichwa, kisha akakiinamisha kukubali, kisha akafumba macho.

Binti akapiga simu studio kusema kuna kosa katika wimbo huo. Simu ilipopokelewa, hewani palikuwa na tangazo, na mtangazaji akamsikiliza kwa upole. Kwenye lebo ya santuri, alisema, jina ni la Chiriku.

"Kosa ni lipi hasa, dada? Niambie, nitalisahihisha sasa hivi."

"Sijui," alisema binti. "Anayejua ni yeye."

Mtangazaji aliporudi hewani aliutaja wimbo huo kuwa kilele cha kazi ya Chiriku, na wapigaji waliofuata wakaomba urudiwe. Ukarudiwa. Binti alikwishanyoosha mkono kuzima, lakini mama akaushika mkono huo na kuuzuia, na wakausikiliza hadi mwisho, mmoja akijua na mwenzake asijue.

Wiki ile majirani walikuja kupongeza. Walisema mvumilivu hula mbivu, na wote walikuwa wakiuimba wimbo ule ule mlangoni, vibaya. Mama aliwapa mkono wa kushoto. Binti aliwashukuru mmoja mmoja, akawakaribisha viti, akaondoa vitambaa vilivyokuwa vimetandazwa juu yake.