Wageni Sita wa Msuka

Kwa heshima na taadhima inayostahiki, naomba kueleza jinsi watu sita wenye meno meupe kupita kiasi walivyokaribia kumvua uenyekiti shangazi yangu, Bi Thuraiya, bila ya wao kukanyaga Pemba hata siku moja.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, msimu wa kuandikisha wapiga kura, na Msuka nzima ililala jicho moja wazi. Mgeni akishuka garini huulizwa kafikia kwa nani, na huyo nani naye huulizwa. Hata mie niliyerudi likizo kutoka skuli ya dakhalia niliulizwa kama bado ni Shatha.

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya mwani. Hoteli moja ya Unguja ilitaka kuiona tovuti ya kikundi kabla ya kuagiza mzigo. Kazi akapewa mwanawe Ridha, mwenye kiduka cha kompyuta Gombani. Mie nikajiteua mkaguzi wake.

"Hichi kinaitwa kiolezo," Ridha alinifunza kwa sauti ya khatibu. "Kurasa wameshazipanga wenzetu. Wewe unabadilisha maneno tu. Ya nini nihangaike siku chungu nzima kwa kazi ya asubuhi moja?"

"Kama kofia iliyokwishapigwa chapa, mtu kabakia kudarizi."

"Ehe! Kumbe huko dakhalia mnasoma."

Kiolezo kilikuja na picha za watu sita wa nchi za mbali, wamekunja mikono, wanacheka. Chini yao palikuwa na kitufe cha Kiingereza cha kumwalika mteja aache jina lake. Ridha akakitafsiri: JIANDIKISHE HAPA. Zile picha akasema atazibadilisha baadae. Tovuti ikawa hewani.

Kesho yake Mzee Pandu aliingia uani kwa Shangazi na simu mkononi. Mzee huyu alijipa mwenyewe kazi ya kuilinda Msuka na mamluki, yaani watu wanaoletwa kupiga kura mahali wasipokaa. Nyuma yake walikuja wanakikundi wote, na hakuna aliyevua viatu.

"Bi Thuraiya, hawa nani?"

"Siwajui, Mzee Pandu."

"Huwajui, na wamo kwenye kikundi chako! Tena wanaandikishwa! 'Jiandikishe hapa.' Hapa wapi, kama si Msuka?"

"Ndo maana mwanawe kamaliza asubuhi moja," alidakia Bi Tatu. "Kazi ya halali haiendi mbio vile. Jina langu litoeni. Wallahi sikai na mamluki kikundi kimoja."

"Na langu," akasema Bi Ummkulthum.

Shangazi aliwatazama wengine tisa, mmoja mmoja. Wakitoka hao, hapana kikundi, wala hoteli, wala mwenyekiti.

Ridha alieleza kwamba zile ni picha tu za mfano. Hakuna aliyemsikiliza, basi nikaona nimsaidie kwa ushahidi. Nikafungua kwenye simu tovuti nyingine zilizotumia kiolezo kile kile. Yule bwana wa mwanzo, hapa daktari wa meno, hapa muuza mbao, hapa wakili.

"Mnaona?" nikasema kwa fahari. "Wako kila pahala!"

Mzee Pandu akavua miwani pole pole.

"Kumbe," akasema, "mtu mmoja kaandikishwa pahala patatu."

Ridha alinitazama kama mtu anayechagua pa kunizika.

"Basi!" Shangazi akasimama. "Pale palikuwa petu. Hatukutia sura zetu, zikatiwa za wengine. Anayetaka kutoka atoke. Lakini ajue pahala pake atabakia huyu." Akamwonesha Bi Tatu mwanamke mmoja wa pichani, nywele wazi mabegani. "Na ataitwa Tatu."

Bi Tatu aliisogeza simu karibu na pua.

"Huyu? Aitwe Tatu? Astaghfirullah! Shatha, nipige mie picha. Ngoja kwanza niufunge mtandio."

Wengine wakapanga foleni nyuma yake, na Bi Ummkulthum akasukumana apate nafasi ya pili. Mzee Pandu akasimamia foleni, akimuuliza kila mmoja kazaliwa shehia gani, ingawa wengine walikuwa binamu zake.

Ridha akakohoa. "Nafasi ziko sita tu. Kiolezo ndivyo kilivyo."

"Sita kaamua nani?" akauliza Bi Ummkulthum.

"Aliyekitengeneza."

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

Macho yote yakarudi kwa Shangazi, na safari hii yalimtaka yeye aamue. Akamwamrisha mwanawe avunje kila kitu aanze upya bila ya kiolezo, pale pale uani, mbele ya watu.

Ridha akakaa mkekani na kompyuta mapajani, Bi Tatu kuliani, Bi Ummkulthum kushotoni, kama mawakala wa vyama katika chumba cha kuhesabia kura. Kila herufi aliyotaka kuibonyeza ilibidi kwanza aitaje kwa sauti. Mara mbili Mzee Pandu alisimamisha kazi, akitaka kujua kwa nini amebonyeza ile ndefu ya chini isiyoandika kitu.