Duka la Marehemu

Spika ya jirani ilianza kupiga kelele Mama Mashuka akiwa bado anahangaika na kufuli. "Leo ndiyo mwisho, mteja wetu mpendwa. Tunafunga duka. Kila kitu lazima kiishe." Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, yenye kilio cha kubandika, na ilipenya ukuta wa mbao uliotenganisha maduka mawili mpaka rafu zikatetemeka. Akaingia, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vumbi kwenye mashuka ambayo hakuna mtu aliyeyagusa wiki nzima.

Hiyo "leo ndiyo mwisho" ilikuwa na mwaka wa tatu sasa. Mjukuu wake, aliyekulia chini ya meza ya duka, alijua kusema "tunafunga" kabla hajajua kusema "bibi". Mtaa mzima ulimwita mwenye duka la jirani Marehemu, kwa kuwa alikuwa amekufa siku nyingi na bado anakula. Mwenyewe alilijua jina hilo na lilimchekesha. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mchangamfu, na kila duka lake lilipokuwa likikata roho, lori lilikuja kushusha mzigo mpya. Mume wa Mama Mashuka, aliyemwachia duka hili dogo, alikufa mara moja tu, kimya kimya, bila bango.

Kupitia upenyo wa mbao aliweza kumwona msichana wa Marehemu akiandika bei. Aliandika kwanza bei kubwa ambayo haijawahi kuwepo, akaikata kwa kalamu nyekundu, kisha chini yake akaandika ile waliyoitaka tangu mwanzo. Ulikuwa ujanja wa kitoto, na watu wazima na akili zao walipanga foleni kuununua.

Asubuhi hiyo alipita wifi yake, mdogo wa mumewe, mfuko mwekundu wa Marehemu ukiwa umejificha nusu chini ya mtandio. Alipoona ameshaonekana, akaingia kusalimia.

"Umenunua nini, wifi?"

"Mashuka. Mawili tu, ya binti anayeolewa."

"Na mimi nauza nini hapa, misumari?"

Wifi akacheka kwa aibu. "Usinune bwana. Kule wanafunga, ningechelewa ningekosa. Wewe upo tu. Hata mwezi ujao nikija nitakukuta."

Mama Mashuka akamsogezea kiti. Hakumwambia kwamba rangi ya mashuka yale ingebaki kwenye beseni siku ya kwanza ya kufuliwa. Angeonekana ana wivu. Wakaongea habari za harusi, na wifi akaaga.

Mchana alikuja mwenye nyumba. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, kama mtu asiyetaka kukaribishwa.

"Mama, chumba hiki nakihitaji mwisho wa mwezi."

"Nimekosea nini, mzee?"

"Hujakosea. Jirani yako amekiomba. Amebanwa, mzigo haumtoshi mle ndani."

"Si anafunga?"

Mwenye nyumba alimtazama kwa mshangao, kana kwamba ameulizwa swali na mtoto. "Analipa vizuri," akasema. "Ila sikiliza. Siku hiyo nabadilisha kufuli. Kitakachokutwa ndani kitabaki."

Alipoondoka, Mama Mashuka aliketi akazitazama rafu. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimekunjwa pale. Akiuza mzigo wote angeweza kuanza upya barazani kwa bintiye, akawa na meza yake na wateja wake. Asipouza angeingia nyumba ya mkwe wake na mfuko wa nguo, awe mdomo mmoja zaidi wa kulishwa. Hakukuwa na njia ya tatu, na yeye hakuwa mtu wa kujidanganya.

Akakata boksi, akaandika kwa kalamu nene: NINAFUNGA. Akarudi nyuma kulitazama, akaona limefanana na la jirani. Chini yake akaongeza: KWELI. Bei akaishusha mpaka chini ya ile aliyonunulia.

"Hata wewe, mama?" binti mmoja alisema akicheka. "Marehemu kakuambukiza?"

Ng'ambo ya barabara, fundi baiskeli akawapazia sauti wapita njia. "Msiwe na haraka. Mwakani atakuwa bado anafunga."

Alikuwa anatania, na watu walicheka bila ubaya. Walishika mashuka, wakayasifu, wakauliza bei, wakashtuka jinsi ilivyo ndogo. Kisha wakasema watasubiri, kwa kuwa kilichoshuka hivyo kitashuka zaidi. Siku tatu nzima aliwaapia wateja kwamba ni kweli, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kutabasamu. Jioni alijisikia mchafu, kama mtu aliyeshinda akidanganya.

Afisa wa leseni alikuja na vijana wake wawili. Alitokea dukani kwa Marehemu akiwa bado na chupa ya soda mkononi.

"Mama, hili bango lina kibali?"

"Kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha kutangaza kwamba unafunga. Wafanyabiashara wanawadanganya wananchi, wanajifanya wanafunga na hawafungi. Sasa kuna sheria."

"Sheria nzuri," akasema, na aliisema kwa moyo wake wote. "Basi umeshapita kwa jirani?"

"Natoka huko. Yeye hana tatizo. Kibali chake kiko ukutani, kwenye fremu. Anakihuisha kila mwaka."

"Mtu anahuishaje kibali cha kufunga?"

"Kwa kulipa ada."

"Lakini hafungi."

"Hilo halinihusu, mama. Kibali anacho."

"Na mimi ninafunga."

"Bila kibali." Afisa alimalizia soda yake, akatafuta pa kuweka chupa, akaiweka juu ya shuka jeupe. "Halafu tazama rafu zako. Duka limejaa. Mtu anayefunga anakuwa na mzigo wote huu?"

"Umejaa kwa sababu hawanunui. Hawaniamini."

"Na mimi nikuamini kwa lipi?"

Kwamba amefilisika ulikuwa ukweli pekee aliobaki nao, na hata huo ulitakiwa uwe na muhuri. Vijana wakaanza kutia mashuka kwenye viroba. Ni ushahidi, afisa akaeleza, na asipolipa faini vitapigwa mnada. Fundi baiskeli alikuwa ameacha kucheka. Marehemu naye alitoka nje, akakunja mikono ya shati, akawasaidia kunyanyua kiroba kilichokuwa kizito.

"Taratibu, vijana," aliwaambia. "Msije mkachafua."

Mama Mashuka aliuona mkono ule mnene ukikipapasa kiroba, ukipima kilichomo, na kinyaa kikampanda mpaka akageuka ukutani kutema mate.

Mwezi ulipoisha, mbao zilibomolewa na maduka mawili yakawa moja. Marehemu akatuma mtu amwite. Mama Mashuka asingekwenda, ila mkwe wake alikuwa ameanza kuuliza, kwa upole na mbele ya chakula, mama atakaa mpaka lini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia. Ulimi uliitikia wenyewe, kwa mazoea.

Mashuka yake yalikuwa kwenye meza ya mbele, bei kubwa ikiwa imekatwa kwa wekundu. Marehemu hakuona haya. Aliyanunua kwenye mnada, akasema, kwa halali kabisa. Kisha akamvutia kiti mpaka mlangoni, mahali pa jua, ambapo kila apitaye angemwona.

"Nina kazi kwa ajili yako. Spika watu wameizoea, wanapita tu. Nataka mtu. Wewe ukae hapo hivyo hivyo ulivyo. Nitakulipa kila jioni."

"Nikae nikifanya nini?"

"Hakuna. Usicheke tu."

Akakaa. Alikichukia kiti, akamchukia aliyemketisha, lakini zaidi alijichukia yeye, kwa sababu alikuwa ameshapanga ujira huo atanunulia nini njiani akirudi, ili mkwe aone. Watu walipita, wakapunguza mwendo. Akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Eti mama, ni kweli wanafunga?"

Marehemu alikuwa karibu, anakunja taulo, na hakuinua uso. Mama Mashuka alijua kwamba akisema anachotaka kusema, jioni ataondoka mikono mitupu. Akasema.

"Uongo. Hawa hawafungi leo wala kesho. Aliyefunga ni mimi. Duka langu lilikuwa hapa unaponiona, na mashuka haya ni yangu, walinichukulia. Usinunue, mwanangu. Nenda zako."

Yule mama akabaki amemkodolea macho, na macho yenyewe yakajaa machozi. "Pole, mama yangu," akasema. "Yaani wamekufikisha hapa?" Akachukua shuka moja, akaongeza la pili, kisha akawageukia wenzake barabarani. "Njooni. Hili ndilo la kweli. Mwenyewe huyu hapa, mashuka ni yake. Tumuungeni mkono angalau apate kitu."

"Siyo mimi mtakayemlipa," Mama Mashuka akasema. "Sikilizeni, nimesema msinunue."

Lakini walikuwa wameshamzunguka, wanampapasa bega, wanampa pole, wanapitisha mikono juu ya kichwa chake kufikia meza. Alisubiri kufukuzwa. Marehemu alipenya katikati ya watu polepole, akainama mpaka sikioni mwake, sauti yake imejaa heshima.

"Vizuri sana, mama. Hayo hayo, usiyabadilishe hata neno. Ila ongeza sauti kidogo, walioko nyuma hawakusikii."